Aya ya Tatu Haihusiani na Kola

Kila Jumapili baada ya kufua, mkataji aliketi kitandani na kompyuta mapajani, akachagua cha kuweka kwenye blogu yake. Siku nyingine zote alikata vitambaa katika kiwanda cha nguo. Jumapili aliandika juu ya kukata na kushona: namna ya kulaza mkono wa gauni usivute kwapani, namna ya kutoa tundu la kifungo bila kuchana nguo. Katika kuchagua hakuwa na mchezo. Mada isiyo na maana aliitupa, hata kama picha zake zilipendeza, na wasomaji walimpenda kwa hilo.

Tangu kiwanda kiungue upande wa nyuma na dada yake kufia humo, mkataji aliona mada yenye maana ni moja tu. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Meneja aliufunga ili wafanyakazi wasitoke na mabaki ya vitambaa, mabaki yale yale ambayo kila mwisho wa wiki yalichomwa moto jalalani. Waliokufa walikutwa wamelundikana nyuma ya mlango huo. Tangazo la kampuni lilisema ni ajali. Ukuta ukapakwa rangi, mlango ukarudishwa, ukatiwa kufuli jipya.

Aliyaandika yote hayo kwa lugha nyepesi, akaweka na picha ya kufuli. Hakusoma mtu. Chapisho la kola ya shati, alilolitoa kabla ya hapo, liliendelea kupata wasomaji kila kukicha.

Jioni ya siku aliyoiweka habari hiyo, dada yake alikuja. Alivua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wake wa zamani, akaomba asogezewe kompyuta. Vidole vya wafu havibonyezi kitu, kwa hiyo mkataji ndiye aliyempandishia maandishi.

"Umeandika vizuri," dada yake alisema. "Ila hapo uliposema tulilia, toa. Tulitukana."

Mkataji akarekebisha.

Baadaye dada yake alikuja na wenzake wa nyuma ya mlango. Walisoma kwa zamu, na hakuna aliyeruka mstari. Habari zikaenea huko waliko, wakaanza kuja na wa kazi nyingine: mchimba mitaro aliyefukiwa kwa kuwa mbao za kuzuia udongo zilibaki stoo, fundi rangi aliyetumwa kupanda ngazi ambayo kila mtu alijua imevunjika. Kila mmoja alitaka habari zake ziwekwe. Mkataji alichagua kama ilivyokuwa desturi yake. Mzee mmoja aliyedondoka kwenye paa la nyumba yake mwenyewe, akiwa amelewa chakari, aliambiwa habari yake haiingii. Hakununa, alibaki kusikiliza za wenzake.

Mwenye nyumba aliona viatu vimejaa mlangoni, akaja kuuliza.

"Hawa wageni wako wanaoga hapa?"

"Hawaogi."

"Haya, basi sawa," alisema, akaenda zake.

Blogu ilikuwa na kihesabio cha wasomaji, nacho hakikuwahesabu hao. Mkataji hakuwadharau, lakini alihitaji walio hai. Kiwandani ilikatazwa kuongea mashine zikienda, na kengele ya kutoka ikilia kila mtu alikimbilia watoto wake. Ndiyo maana alitegemea maandishi. Wangesoma hata wachache, wangesimama pamoja wakatae kuingia mpaka kufuli litolewe.

Akapiga bongo. Alifungua chapisho la kola, akaichomeka habari ya mlango katikati, aya ya tatu. Maoni yakaja mbio. "Asante, kola yangu imekaa." "Tunaomba na kola ya mviringo." Mmoja aliandika: "Aya ya tatu haihusiani na kola. Ifute."

Mkataji alisoma hayo damu ikimchemka. Alitamani kuibamiza kompyuta ukutani. Wenye macho mazima waliiruka aya, na wale ambao macho yao yameliwa na moto waliisoma mpaka nukta ya mwisho.

Siku moja meneja alisimama kwenye meza yake ya kukatia.

"Mke wangu anasoma blogu yako. Anasema ile ya kola ni namba moja."

"Na aya ya tatu, bosi?"

"Hiyo amesema ina makosa kidogo. Utairekebisha."

Akaendelea na ukaguzi wake, funguo zikilia kiunoni.

Mbele ya mkataji alikaa mshona vifungo, mwanamke mcheshi ambaye kiwanda kizima kilimwita Vifungo. Mkataji alimbembeleza kila siku asome ile habari ya mlango.

"Nitasoma, mwenzangu," Vifungo alijibu, uzi mdomoni. "Nikipata nafasi tu. Unawajua wanangu."

Jumapili moja kulikuwa na oda ya haraka. Vifungo aliitwa kazini. Mkataji hakuitwa, kwa sababu vitambaa vilikwishakatwa. Alifua, akaanika, akaketi kitandani. Jioni dada yake alifika na wasomaji wengine, wakajibana.

Kisha Vifungo akabisha hodi. Uzi mweupe ulikuwa bado umemning'inia shingoni, na nguo zake zilinuka pamba iliyoungua. Alivua viatu akavipanga pamoja na vya wenzake.

"Nimepata nafasi, mwenzangu," alisema.

"Na mlango?"

"Umefungwa. Tumetukana mpaka tukachoka."

Mkataji alitoa tusi ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya dada yake, na dada yake hakumkemea. Simu ilianza kuita juu ya meza. Hakuipokea. Waliokaa kitandani walisogea, Vifungo akapata pa kukaa, na mkataji akamfungulia lile chapisho la kufuli.

Vifungo alisoma taratibu, midomo ikicheza, kama mtu asiye na haraka na lolote. Mlangoni wengine wa zamu ile walikuwa bado wanavua viatu.

Wiki haikuisha ukuta wa nyuma ukapakwa rangi tena, na meneja akanunua kufuli jingine, kubwa kuliko la kwanza.