Ukuta wa Chuoni Usagara

Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile Lea alipomwita mwenzake uani.

"Dada Khairiya, njoo uone. Haraka!"

Karakana yao ya Nguvumali, Tanga, ilitengeneza matofali kwa taka za viwandani: vumbi linalobaki kwenye matanuri ya chokaa, majivu, na nyuzi fupi zinazotupwa na viwanda vya mkonge. Walichanganya, wakashindilia kwa mashine ya mkono, kisha wakayaacha matofali yakauke kivulini, bila kuchoma kuni na kwa saruji kidogo mno. Watu waliyaita matofali ya jalalani, mpaka Maalim Shaib wa Usagara alipowaamini wamjengee chumba cha chuo chake cha Kurani.

Matofali yaliyobaki kwenye kazi ile yalikuwa yamelowa usiku kucha. Yalikuwa yamevimba, mengine yamepasuka. Khairiya alichukua moja, likamvunjikia mkononi. Ndani mlikuwa na punje nyeupe, zina joto.

"Chokaa hii haikunywa maji ikashiba," alisema. "Imeyanywa sasa, ndani ya tofali."

"Na ukuta wa mlangoni kule chuoni wote umejengwa kwa mzigo huu," Lea alisema.

Khairiya alimpigia Maalim simu. Iliita mpaka ikakatika. Saa hizo watoto walikuwa wameshaanza kusoma.

Walipakia mirunda, miti ya kuegemezea ukuta, kwenye guta la mizigo la jirani wakaondoka mbio.

Walipofika Usagara, sauti za watoto zilisikika wakisoma kwa pamoja. Maalim alikuwa barazani na wazazi kadhaa.

"Shikamoo Maalim. Watoe watoto, tafadhali. Ukuta huu utaanguka," Khairiya alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ukuta gani? Huu uliosema utadumu mpaka unizike mimi?"

"Ndio huo. Nilikosea."

Baba mmoja alicheka. "Si tuliwaambia? Matofali ya jalalani!"

Khairiya alijua kwamba baada ya maneno yale hakuna mtu Tanga nzima atakayempa kazi. Hata hivyo hakuondoka.

Maalim aliweka kiganja ukutani, akakiondoa upesi kwa joto. Aliusukuma mlango, ukagoma. Ukuta ulikuwa umevimba ukaibana fremu. Madirisha yote yalikuwa na nondo.

"Vunjeni mlango," alisema Lea, "lakini kwanza tuishikilie lenta."

Walisimamisha mirunda miwili chini ya boriti ya zege iliyokuwa juu ya mlango, wakaigongea kabari. Changarawe zilidondoka juu ya mtandio wa Khairiya. Yule baba aliyecheka alikuwa wa kwanza kuupiga mlango kwa bega. Ulipoachia, Maalim aliingia.

"Fungeni juzuu zenu. Mmoja mmoja, taratibu. Asikimbie mtu."

Watoto walipita kati ya mirunda. Lea aliukumbatia mmoja, Khairiya mwingine, na kila mtoto alipopita Khairiya aliusikia mti ukilia. Msichana mdogo alisita kizingitini akaanza kulia.

"Njoo kwangu, mama," Khairiya alimwambia. "Usiangalie juu."

Maalim alitoka wa mwisho, amembeba msichana yule. Lea alipaza sauti, "Achia!" Waliruka nyuma pamoja. Ukuta ulijikunja katikati, ukamwagika, na nusu ya paa ikashuka juu yake. Vumbi lilipotulia wazazi walikuwa wakihesabu watoto huku sauti zikiwatetemeka. Wote walikuwapo.

Lea alikaa chini akalia.

Kwa miezi kadhaa hawakuuza hata tofali moja. Walichimba mashimo, wakaloweka humo vumbi la chokaa mpaka likapoa kabisa, ndipo wakalichanganya. Walijenga ukuta uani kwao, wakaumwagia maji kila siku, masika yote. Haukuvimba.

Maalim alikuja kuutazama, akawaita wazazi. Walibishana sana. Mwishowe walikubali matofali yale yatumike kujengea jiko la chuo tu. Darasa lingejengwa kwa matofali ya saruji.

"Mtalikubali hilo?" Maalim aliuliza.

Khairiya alimtazama Lea. Lea alishaanza kukunja mikono ya gauni.

"Tutaanza kesho, inshallah," Khairiya alisema.