Kazi ya Ijumaa

Mhudumu alipewa jina la Chapuchapu, na hakulipata bure. Kila siku alikuwa na wazee watatu wa kuhudumia majumbani mwao, mitaa mitatu tofauti: kuwaogesha, kuwavisha, kuwapikia, kuwapa dawa kwa saa zake. Alifanya yote kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Aliyembandika jina hilo ni Fundi, bibi wa nyumba ya kwanza. Kila akivishwa soksi alimkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, naye Chapuchapu alimjibu kwamba hata baraka zenyewe hazimngoji mchelewaji. Walipendana hao, kwa mtindo wao wa kuchokozana.

Fundi alikuwa ameshona nguo za watu miaka arobaini na miwili, na sasa cherehani ilikaa pembeni imefunikwa kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa yabisi hata kijiko alikishika kwa ngumi. Ulimi, la hasha, ulimi haukuwa na yabisi. Gauni la zipu alisema ni la wavivu, na la mpira kiunoni ni gunia lililojaliwa kiuno. Gauni ni vifungo, toka shingoni mpaka gotini, na asiyetaka na asitake. Basi kila asubuhi Chapuchapu alipiga magoti akafunga vifungo kumi na kimoja, roho ikiwa imeshafika mtaa wa pili.

Isipokuwa Jumatatu. Jumamosi na Jumapili mhudumu hakuja. Fundi alibaki na mkongojo wake, chakula alichoachiwa kwenye friji, na jirani aliyechungulia mara moja moja. Lakini Jumatatu, Chapuchapu akifungua mlango, anamkuta kakaa kwenye kiti chake cha mbao kando ya cherehani, amevaa, kitanda kimetandikwa kama cha hotelini. Kweli gauni lilikuwa lile lile la Ijumaa, ila Fundi alisema nguo haijachafuka, kwa nini aifue, sabuni inaota mitini? Kweli pia kwamba Jumatatu miguu yake ilivimba, lakini Chapuchapu aliisingizia chumvi, akamsema kuhusu chumvi, wakaendelea. Kwenye daftari la kazi, ambalo ofisi ilitaka aandike kila alichokiona, aliandika kwa furaha: amevaa mwenyewe, ametandika mwenyewe. Fundi alipenda asomewe maneno hayo kwa sauti, kama mtoto anayesomewa matokeo ya mtihani.

Ndipo ikaja barua. Mkaguzi wa huduma atafika Jumatatu saa tatu kuangalia hali ya mama, na kuamua kama siku zake tano zibaki au zipunguzwe ziwe mbili.

Chapuchapu aliisoma mara mbili. Siku mbili kwa mtu asiyeweza kufungua hata chupa ya dawa? Alimsihi Fundi asijitutumue, amwonyeshe mkaguzi alivyo, akishindwa aseme ameshindwa. Fundi akaitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu, kwa unyenyekevu ambao ungemshtua mtu yeyote asiye na haraka. Moyoni alikuwa na hesabu nyingine. Wifi yake alikaguliwa hivyo hivyo, akakutwa hoi, wanawe wakampeleka nyumba ya wazee, na hakurudi tena kulala chini ya paa lake. Fundi alikuwa ameapa kwamba yeye atatoka nyumba hii amebebwa, si amehamishwa.

Kwa hiyo Ijumaa ile alitaka avishwe gauni la buluu, lile zuri kuliko yote. Akataka na viti visogezwe, eti chumba kipate hewa. Chapuchapu alisogeza viti, akafunga vifungo mbio mbio, maana mzee wa mtaa wa pili alikuwa ameshapiga simu mara mbili, akatoka.

Jumatatu saa tatu kamili mkaguzi akaingia. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na faili, mpole, asiyeharakishwa na chochote. Fundi alikuwa kwenye kiti chake, gauni la buluu, mtandio mpana toka begani mpaka magotini, uso umekunjuka kama wa bibi harusi. Chapuchapu aliamriwa akae pembeni asiguse kitu, na kwake hiyo ilikuwa adhabu.

Mkaguzi akamwomba mama atembee. Weee! Fundi akainuka, kiwiko kwenye cherehani, kutoka hapo kiti, kutoka kiti meza, kutoka meza fremu ya mlango, akitabasamu njia nzima. Hapo ndipo Chapuchapu alipoelewa viti vilitaka hewa ya nini. Mkaguzi akaandika. Akasoma daftari, akaona Jumatatu zote zilivyosifiwa, akaandika tena, na Chapuchapu akauona mwandiko wake mwenyewe ukimlia Fundi siku zake tatu. Alitaka kusema, lakini aseme nini? Yote aliyaandika yeye, kwa kalamu yake, na Fundi alikuwa akimkazia macho ya kumnyamazisha.

Mwisho mkaguzi akamwomba achukue kikombe rafuni. Fundi akanyanyua mkono, mtandio ukateleza mpaka chini.

Vifungo vilikuwa kombo. Cha kwanza kilikaa kwenye tundu la pili, cha pili kwenye la tatu, hivyo hivyo mpaka chini, upande mmoja wa kola umesimama peke yake na kule gotini pindo moja limening'inia. Mkaguzi aliangalia, akashusha miwani, akauliza kwa upole leo ni siku gani. Fundi akasema Jumatatu. Na jana? Fundi akasema jana ya Jumatatu ni Jumapili tangu dunia iumbwe.

Mkaguzi akatabasamu. Akamwambia asione haya, umri ukienda akili huchanganya mambo madogo madogo, hata vifungo, na yeye ataliandika hilo taratibu tu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi kifo kilikuwa bado hakijamfikia, lakini hili la kuandikwa kwamba amefunga kombo lilikuwa baya zaidi. Alisimama wima pasipo kushika chochote, kitu ambacho hakuwa amekifanya mwaka mzima.

"Mwanangu, futa hapo," alisema. "Nimevisha maharusi, nimevisha maiti. Sijawahi kufunga kombo. Hii si kazi yangu. Hii ni kazi ya huyu, ya Ijumaa."

Kisha akasikia alichokisema, akakaa.

Chapuchapu aliinuka. Aliikumbuka Ijumaa, simu ikilia, vidole vyake vikikimbia. Alikwenda kitandani, agizo au si agizo, akainua mto. Gauni la kulalia lilikuwa chini yake, mikono imekunjwa kwa ndani, vile vile alivyolikunja yeye siku ile.

"Umelala wapi, mama?" aliuliza. Hakuwahi kumwita mama kabla ya siku hiyo.

Fundi alielekeza kidevu kwenye kiti cha mbao. "Kitandani gauni lingekunjika," alisema. "Na kulivua ningelivuaje? Na hata ningelivua, Jumatatu mngenikuta na gauni la kulalia kama mgonjwa, mkanipeleka kama wifi yangu."

"Na Jumatatu nyingine zote?"

Fundi alivuta pindo la gauni lifunike miguu, na Chapuchapu akajionea aibu kubwa, maana miguu iliyovimba alikuwa ameishika kwa mikono yake miwili.

Mkaguzi alifunga faili. Akasema yeye hakuja kumpeleka mtu popote, nyumba ni ya mama na atakaa humo. Alichokuja kuamua ni siku tu, na sasa ameamua: tano zinabaki, na kuanzia wiki hii Jumamosi na Jumapili atakuja mhudumu asubuhi na jioni. Fundi akauliza kwa sauti ndogo kama huyo wa jioni anajua vifungo. Mkaguzi akasema atahakikisha, akaaga.

Chapuchapu akapiga simu mtaa wa pili kusema leo atachelewa. Mzee kule aliuliza mara mbili kama ni yeye kweli. Kisha Chapuchapu akapiga magoti akafungua vifungo kumi na kimoja, kimoja kimoja, akamwosha Fundi, akamvisha gauni la kulalia saa nne asubuhi jua likiwaka, akamlaza. Fundi aliomba gauni la buluu litundikwe vizuri, na kabla halijafika kwenye kiango alikuwa ameshaanza kukoroma.

Ikabaki kuandika daftari. Chapuchapu akavuta kile kiti cha mbao, akakaa, akafungua ukurasa wa leo. Robo saa haikutimia, mgongo ukaanza kumuuma.