Aliyeupima Mzigo

Mizani ilisema arobaini na moja. Ilisema hivyo kwa katoni ya viatu, ikasema hivyo kwa injini ya pampu, na binti mpima mizigo, waliyemwita Kilo, alipoondoa kila kitu juu yake ikaendelea kusema arobaini na moja. Huu ulikuwa mwezi wa tatu wa ubovu huo. Akaandika kwenye daftari uzito alioutaja mwenye mzigo, kama walivyofanya wote pale kwenye ghala la mizigo ya ndege tangu mizani ife, akagonga muhuri, akaita anayefuata.

Chini ya daftari hilo alikuwa ameficha jingine, la masomo. Kesho alikuwa na mtihani wa sheria za usafiri wa anga.

Wapakiaji walimwita Mheshimiwa kwa ajili hiyo. Babu Toroli, aliyeanza kusukuma mizigo pale kabla Kilo hajazaliwa, alimvulia kofia kila asubuhi na kumshtakia mkewe: amemnyang'anya blanketi tena, sheria ya anga inasemaje? Kilo alimjibu kwamba blanketi halijapaa, kesi hiyo aipeleke baraza la ardhi. Wakacheka.

Moyoni hakucheka. Kampuni ilikuwa na watu sabini. Ghorofani walijaa wenye digrii na wenye tai. Kwa nini msimamizi awaruke wote hao, aje kumlipia kozi ya wiki sita mpima mizigo aliyeishia kidato cha pili? Hata mama yake alipoletewa habari hizo hakufurahi. Aliendelea kukanda goti lake bovu, akauliza, "Kuku akiongezewa mtama ghafla, mwanangu, si huwa kuna mgeni anakuja?"

Hata hivyo alisoma. Maneno ya sheria yalikuwa kama mchele wenye kokoto, ukila bila kuchambua unavunjika jino, basi akachambua moja moja. Kufika wiki ya nne alikuwa ameshika jambo moja ambalo mwalimu alilipita mbio: rubani haingii ghalani kupima. Anaamini karatasi, na karatasi inaaminiwa kwa sababu kuna mtu ameitia sahihi.

Katika kozi nzima aliinua mkono mara moja tu. Aliuliza, mtu akiagizwa kuandika uzito ambao hakuupima, kosa ni la nani? Wakili aliyekuwa akiwafundisha akaweka kikombe chini, na badala ya kujibu akamuuliza anafanya kazi wapi. Kesho yake msimamizi alipita penye mizani, akasimama, akatabasamu.

"Nasikia unauliza maswali mazuri."

Tangu hapo Kilo akawa anaangalia nani anamwangalia.

Halafu Jumamosi ndege ndogo ya mizigo ikatua kwa kishindo huko ilikokwenda. Gurudumu lilipasuka, ndege ikaacha njia, rubani akavunjika mkono. Ndani mlikuwa na vyuma vya pampu vilivyotoka ghala hili. Leo ilikuwa Alhamisi, na wachunguzi walitarajiwa Jumatatu.

Saa nne msimamizi akamwita ofisini. Kilo alikuta chai mezani na kiti kimefutwa vumbi. Miaka mitano, kila alipoitwa ofisini mle, alikuwa akisimama. Msimamizi akamuuliza hali ya mama, kisha akaulizia goti, na Kilo akajiuliza habari za goti zimefikaje ghorofani. Chai hakuigusa.

Karatasi ikasukumwa mbele yake. Ilisema mzigo wa Jumamosi ulipimwa kwa mizani nzima, ukawa kilo mia tisa na arobaini, na aliyeupima ni mfanyakazi aliyesomea kanuni za anga. Jina lake lilikuwa limeshachapwa. Kilichobaki ni mstari mtupu wa sahihi.

"Na cheti chako hiki hapa," msimamizi akasema, akakichomoa kwenye droo. Kilikuwa na jina lake na muhuri, na tarehe ya mwezi uliopita.

"Mtihani ni kesho," Kilo akasema.

"Umeshafaulu, dada yangu. Ya nini kujisumbua?"

Hapo wiki zote sita zikamkaa sawa kichwani. Mizani ilipokufa, kampuni haikununua mizani. Ilinunua mtu wa kutia sahihi.

Akashika kalamu. Alimfikiria mama yake na vidonge vya goti, akamfikiria na yule rubani asiyemjua. Kisha, juu ya ule mstari, akaandika polepole: Sikupima. Mizani ni mbovu, mwezi wa tatu sasa. Ndipo akatia sahihi.

Msimamizi akasoma. Hakufoka. "Umeharibu fomu," akasema, akaichana vipande vinne, akafungua droo ileile, akatoa nyingine. Hiyo nayo ilikuwa tayari. Ilisema mzigo ulipimwa, kilo zilezile, na mfanyakazi mwenye uzoefu wa miaka thelathini, na jina lilikuwa la Babu Toroli.

Babu aliitwa, akaingia kofia mkononi, na safari hii si kwa utani. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Akaambiwa ni karatasi ya kawaida tu.

"Babu, hiyo inasema ulipima wewe," Kilo akasema.

"Binti, mizani mwachie mwenzako," msimamizi akasema bila kumtazama. "Kuanzia leo utafagia."

Babu alitazama sakafu, kisha karatasi.

"Natia wapi?" akauliza.

Kilo alikuwa uani, ufagio mkononi, Babu alipotoka. Alimpita kama hakumwona. Hatua tano mbele akarudi.

"Usinitazame hivyo, mwanangu. Wewe ungali kijana, ukifukuzwa hapa utaokotwa pale. Mimi wakinitoa leo, miaka thelathini imekwenda na maji."

"Sijasema kitu, Babu."

"Macho yako yanasema. Jumatatu wakija nitawaambia nilipima, basi, yaishe."

"Watakuuliza ulipima kilo ngapi."

Babu akageuka kuutazama mlango wa ofisi. Hakuwa ameisoma ile karatasi. Alikuwa ametia sahihi yake pale miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kusoma.

"Mgongo wangu uliniambia mzigo umepita tani," akasema mwishowe. Tangu Jumamosi alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni.

"Ukilisema hilo, na sahihi yako iko kule, watakufunga wewe."

Pazia la dirisha la ofisi lilikuwa limesogea kidogo. Kilo akainama, akafagia karibu na viatu vya mzee, uso chini.

"Mia tisa na arobaini," akanong'ona.

"Mia tisa na..."

"Arobaini, Babu."

Babu akairudia, akakosea, akaanza upya. Kilo akaendelea kufagia palepale alipokwisha kufagia, akimsahihisha.