Leo Hubebi Maziwa

Wanaosema Fintan Cuddihy aliuawa na gari waje waniulize mimi, Attracta Heneghan. Nina miaka sabini na minane, meno ninayo na akili ninayo. Fintan aliuawa na ujanja, na ujanja wenyewe ulikuwa wangu.

Mwaka ule wa 1935 tulikuwa wachumba mwaka wa saba. Msicheke. Hapa Kilcorran mwanamume asiye na nyumba haoi, na Fintan nyumba hana: shamba lilimwendea kaka yake, yeye akabaki kulala juu ya zizi la farasi na kuendesha lori la maziwa. Kila asubuhi alizunguka njia zetu akikusanya makopo mbele ya mageti, akayapeleka kiwandani. Shangazi yangu alikuwa amenitumia tiketi ya meli ya kwenda Boston. Niliichomeka nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu jikoni, safari Septemba. Nikisema nilitaka kwenda nitakuwa mwongo. Nilimtaka Fintan.

Ndipo yakaja mashindano ya magari. Barabara zetu zilezile za ng'ombe na punda zingefungwa siku moja ya Agosti, mizunguko kumi na miwili, kila mzunguko maili sita. Zawadi ya mshindi ingetosha kununua karakana ya marehemu mhunzi pamoja na vyumba viwili vya juu. Fintan alikuwa na gari dogo aliloliunda mwenyewe kutoka kwenye mabaki, kwa miaka minne, akila mkate na chai.

"Nikishinda, tunafunga ndoa Oktoba," aliniambia.

"Na usiposhinda?"

"Utaniandikia barua kutoka Boston, bibie. Zenye picha."

Sasa, mashindano yale hayakuanza pamoja. Gari dhaifu liliondoka kwanza, gari kali likaondoka mwisho, na dakika za kutangulia zilipangwa na mzee mmoja kutoka Dublin, Bwana Lysaght, mhandisi mstaafu mwenye masharubu ya kijivu. Aliwatazama madereva katika asubuhi mbili za mazoezi, akawapima kwa saa, kisha akaandika: huyu dakika kumi, huyu tano, huyu sifuri. Mimi, kichwa changu cha hesabu kikachemka.

"Nenda polepole," nikamwambia Fintan.

"Wapi?"

"Kwenye mazoezi, we mtu! Mzee akuone kobe. Atakupa hata dakika kumi na mbili. Siku yenyewe ndipo umwoneshe."

Akajikuna shingo. "Huo si wizi, Attracta?"

"Wizi ni kaka yako kuchukua shamba lote. Na hii barabara unahitaji kuifanyia mazoezi ya nini? Unaipita kila siku ya Mungu."

Akacheka, akakubali. Alinikubalia kila kitu, ndiyo ilikuwa kasoro yake.

Asubuhi ya pili ya mazoezi nilisimama na saa yangu kwenye daraja la mto, daraja la mawe lenye mgongo, na ukishuka tu njia inakunja kushoto. Kila gari lilipofika pale liliachia mafuta, likapunguza mwendo. Hata lile jekundu la Waingereza, lililokuja kupewa sifuri, liliachia. Nikawacheka kimoyomoyo: watu wa mjini, wanaogopa kadaraja! Fintan naye akapita, akaachia. Lakini yeye nilijua kwa nini. Miaka tisa alikuwa akipunguza mwendo pale ili makopo yasigongane na maziwa yasimwagike. Mguu wake uliachia wenyewe, bila hata kuuliza.

Ijumaa karatasi ya dakika ikabandikwa kwenye mlango wa posta. Tukatafuta jina lake tukianzia juu, kwenye dakika kumi na mbili. Tukashuka, tukashuka. Cuddihy: dakika mbili.

Mama yangu! Damu ilinipanda hadi masikioni. Yule mzee hakudanganyika hata kidogo.

"Basi ndiyo imekwisha," Fintan alisema. "Kwa dakika mbili siwezi. Gari halina mwendo huo. Nijitoe."

Angalia, alisema ajitoe. Alisema kwa mdomo wake, mbele ya posta, kofia mkononi. Na mimi nikamjibu nini?

"Jitoe basi. Mimi nikapange sanduku."

Hakujitoa. Jioni tukakaa jikoni kwetu, nikapiga hesabu nyuma ya kalenda ya parokia. Alihitaji kila mzunguko kwa dakika nne na sekunde hamsini, na hajawahi kuufanya kwa chini ya tano. Nikamwambia, pale darajani kuna sekunde unazitupa mtoni, ni mazoea ya lori tu. Akasema mguu haumsikii. Nikamwambia basi nitasimama na ubao pale mnapoanzia mzunguko, nikuandikie neno moja: MAZIWA. Ukiliona, ujue leo hubebi maziwa, usiachie.

"Na nisipoliona?"

"Kama unashinda sitaliandika."

Jumamosi mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Padre akayanyunyizia magari maji ya baraka, kuku wakafungiwa, watu wakapanda juu ya kuta. Fintan akaondoka dakika mbili mbele ya lile jekundu, na sijapata kumwona mtu akiendesha vile. Mzunguko wa tano, wa sita, wa nane: dakika nne na sekunde hamsini na moja, hamsini, hamsini na moja. Aliwapita wote waliomtangulia. Watu wa Kilcorran, ambao siku zote walimwita Bwana Makopo, wakawa wanalia kwa furaha.

Akiingia mzunguko wa mwisho nilishapiga hesabu. Lile jekundu lingemfikia mbele ya kanisa na kumshinda kwa sekunde sita. Sekunde sita tu! Nikachukua chaki nikaandika. Nikauinua ubao juu ya kichwa kwa mikono yote miwili.

Aliuona. Akanyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama anavyowasalimu akina mama kwenye mageti.

Pembeni yangu alikuwa ameketi dereva mmoja wa Dublin, Desmond Orpen, gari lake limeharibika, anakunywa chai. Akasoma ubao.

"Maziwa ndiyo nini, dada?"

"Asiachie mafuta darajani," nikasema, kwa maringo kabisa.

Kikombe chake kikasimama kabla hakijafika mdomoni. "Pale gari linaruka. Linapaa, magurudumu yote manne, na kona iko palepale chini. Sisi sote tulijaribu asubuhi ya kwanza, tukatoka jasho. Yeye hakujaribu?"

Nilikuwa nimeanza kukimbia, na ubao mkononi, maili mbili za barabara hadi darajani. Sikufika hata nusu. Lile jekundu lilishapita likimfukuza, kisha nikasikia umati wa kule mtoni umenyamaza.

Alizikwa Jumanne. Makopo ya maziwa yalikaa kwenye mageti siku mbili, hakuna aliyeyagusa.

Wiki iliyofuata Bwana Lysaght alikuja kwetu. Mama akampa chai, hakuinywa. Akaketi na kofia magotini.

"Nilijua anaficha mwendo," alisema. "Nilisikia injini. Ila sikujua anaficha kiasi gani, binti yangu, nikakisia. Nikamwona mkali kuliko alivyokuwa. Niliona hasira kidogo pia, nakiri."

"Angeendesha kweli kwenye mazoezi," nikauliza, "ungempa ngapi?"

Mzee akaigeuza kofia magotini.

"Nne."

Ujanja mwingi mbele giza, watu husema, na mimi nilikuwa nikidhani ni maneno ya wavivu. Nne! Angetangulia dakika mbili zaidi, na mimi nilikuwa nikitafuta sekunde sita. Nisingeandika kitu ubaoni. Angefika darajani, mguu wake ungeachia kama kila siku, akapita taratibu na maziwa yake, akaja nyumbani.

Tiketi niliitia motoni mbele ya yule mzee. Boston ningekwenda kufanya nini?