Kitambaa Kisichojua Kupungua

Kitambaa cha kuoshea vyombo hakina maringo. Unaanza kufuma na vitanzi vinne kwenye kona, kila mstari unaongeza kimoja, na kikishapita upana wa sahani unageuka, unapunguza kimoja kimoja mpaka ufike kona ya pili. Hata Mutahi, ambaye hufunga kamba za viatu kwa kubahatisha, alikuwa amekielewa. Mkewe, Warigia, alijifunza katika chama cha akina mama pale Ruring'u, bendera ya uhuru ilipokuwa bado mpya, kwa sindano zilizochongwa kutoka spoki za baiskeli ya Mutahi. Baiskeli ikachechemea, jikoni kukang'aa.

Sasa kitambaa hiki cha leo kilifikaje magotini, kikayafunika, kikaanza kuteremka sakafuni? Warigia alikuwa anaongeza tu. Kupunguza hakukumjia. Hakulia, hakususa chakula, hakumfokea mtu. Ukimwuliza kama chai ina sukari, ilibidi aionje tena ndipo ajue. Mtoto wao alikuwa amezikwa kabla ya mvua ndefu, homa tu, na tangu hapo ni mikono yake iliyobaki na habari za dunia.

Mtoto aliitwa Wamucii. Desturi ni hiyo: msichana wa kwanza hupewa jina la nyanyake mzaa baba. Kwa hiyo mtaa ulimwita Warigia Mama Wamucii. Baada ya mazishi jina hilo likaondoka bila kuaga. Khavere, mke wa polisi wa nyumba ya pili, aliyekuwa akilipaza kila asubuhi kutoka bombani, sasa alisema "mama" halafu akameza kilichobaki, kama mtu aliyekutana na jiwe ndani ya mahindi na maharagwe ya githeri. Alidhani ni huruma. Asubuhi hiyo alichungulia, akaona kitambaa, akajaribu mzaha.

"Ati hii ni ya kuosha sahani? Labda za timu zote mbili za mpira pale uwanjani."

Warigia akasema labda. Khavere akacheka peke yake, kicheko kikamwishia, akarudi kwake.

Aliyebaki wa kumwita kwa mtoto wake ni mama mkwe. Huyo mama wa Mukurweini, Wamucii mwenyewe, tangu mtoto azaliwe alikataa kabisa kumwita Warigia kwa jina. Si kile kitoto ni yeye? Basi aliyekizaa ni mama yake. Alimwita maitu, yaani mama yangu, mbele ya watu, hata kanisani, na kumlalamikia kwamba amechelewa kumnyonyesha. Leo alikuwa anakuja, mara ya kwanza tangu mazishi. Warigia alijua, bila kuhisi chochote cha kuitwa hofu, kwamba akisikia "Warigia" pale mlangoni, mtoto atakuwa amezikwa mara ya pili, na safari hii pamoja na jina lake.

Mkungu wa ndizi ndio ulioingia kwanza, mwenyewe akafuata nyuma. Akautua. Akamtazama mkaza mwana wake, akakitazama kitambaa kilivyolala chini kama mbuzi mzee. Akachuma ndizi moja, akaimenya.

"Maitu," akasema, "unataka kunibeba mgongoni na hii?"

Warigia hakulia. Sindano zilisimama, basi.

"Nimeshindwa kupunguza," akasema.

"Punguza pole pole. Mimi si niko hapa."

Mama mkwe akavuta kigoda, akashika ile kona ya kwanza, ya vitanzi vinne, akaiweka mapajani. Warigia akachukua vitanzi viwili, akavifuma kama kimoja. Mstari uliofuata akafanya vivyo hivyo. Hakuona nafuu yoyote. Aliona tu kwamba mstari ulikuwa mfupi kidogo.

Nje, ndoo ya Khavere ililia bombani. Mama mkwe akapenyeza kichwa dirishani, akamwambia aje ale ndizi kwa Mama Wamucii.

Khavere akauliza kwa nani.

Akaambiwa tena.