Jiko Baridi la Ozella

Ijumaa ile saluni ya Ozella haikunuka nywele za kuungua, na hilo ndilo lililotuponza.

Kila Ijumaa wanawake weusi wa mji wetu, kule Mississippi, tulijazana pale kunyooshwa nywele kwa chanuo la moto, tayari kwa kanisa. Mzungu hakuwa na shughuli humo. Basi Ozella akatumia nafasi hiyo kutufundisha vifungu vya katiba ambavyo karani wa mahakama angetuuliza Jumatatu, tukienda kujiandikisha kupiga kura. Siku hiyo hofu ilitushika, tukawa tunasoma tu. Hakuna aliyekumbuka kuwasha jiko la kupashia chanuo.

Dewey, askari mzungu wa kaunti, aliingia bila hodi. Tukayakalia makaratasi.

"Yaya," alimwambia mwenzetu Verlene, yaya aliyemlea yeye Dewey tangu akinyonya, "mbona leo hapanuki?"

"Pua yako hiyo, mwanangu. Mafua hayakukuacha tangu utotoni."

Hakucheka. Verlene alikuwa akija naye humu akiwa mdogo. Harufu ya Ijumaa aliijua kama sisi. Akaweka kiganja juu ya jiko, akakiacha hapo. Kisha akatoka taratibu, mlango hakuufunga.

"Ulimlea vipi huyu?" nilimuuliza Verlene, nikiwa nimejaa hasira.

"Mchana nilimlea mimi. Usiku alilelewa kwao."

Ozella alivua aproni. "Huyo amekwenda kuwaita wenzake. Jumatatu hatutafika. Twendeni sasa hivi."

"Na vichwa hivi?" niliuliza.

Nywele timtim, mjini, mbele ya wazungu? Mama yangu angefufuka anichape. Afadhali ningekwenda bila viatu.

"Hivyo hivyo, mwenzangu. Karani anataka kusikia katiba, hataki kukuoa."

Tulicheka. Tukapita barabara kuu mchana kweupe, nywele zimesimama, wazungu wakitutazama madirishani bila neno. Matusi nimeyazoea. Ukimya ule niliuogopa.

Tulipofika kwenye ngazi za mahakama, Verlene akageuka nyuma. "Ozella," alisema polepole, "kunanuka moshi."

Ulikuwa unapanda mweusi kutoka mtaa wetu, pale pale ilipo saluni. Ozella aliutazama.

"Na jiko sikuliwasha," alisema.

Kisha akausukuma mlango wa mahakama, nasi tukamfuata ndani.