Mashahidi Kumi na Mmoja wa Vali ya Njia Panda

Mpwa wangu mtafiti alikuwa amekaa kwenye kochi letu, kompyuta mapajani, chai imepoa pembeni. Nikajua kuna jambo, kwa sababu yule mtoto wa dada yangu haachi chai ipoe.

"Mjomba, kazi imekubali," akasema. "Miezi minane nimezunguka na dodoso mitaa yote miwili, Juu na Chini. Watu kumi na mmoja, hawajuani, wamenipa jambo lilelile."

"Jambo gani?"

"Aliyefunga vali ya Njia Panda miaka kumi na tisa iliyopita. Ni Fundi Kimya."

Nilikuwa nakuna ugoko. Nikaacha.

Niwaeleze vali yenyewe. Bomba kubwa linashuka kutoka tangini, linafika njia panda, hapo linagawanyika: tawi moja la Juu, kwenye nyumba za geti na maua, tawi jingine la Chini, kwenye nyumba zilizobanana. Vali inayolisha Chini iko ndani ya shimo lenye kifuniko cha chuma. Mwaka ule wa uchaguzi Chini walikauka siku kumi na moja. Juu walikuwa wanamwagilia maua. Siku ya kumi na mbili Chini wakapanda na ndoo tupu, wakakuta mawe yanawasubiri. Kinyozi wetu, mtu wa Chini, alishuka na jicho moja. Toka siku hiyo ukitaja vali mbele yake, wembe unasimama hewani.

Mpwa akasoma kwenye kompyuta: "Kumi na mmoja kati ya kumi na mmoja wanasema alikuwa mtengeneza baiskeli anayeishi jirani na vali. Kumi wanataja kofia pana iliyomfunika uso. Kumi wanasema alizungusha kulia mara kumi na mbili. Wanane wanamtaja mbwa mweupe aliyekaa kulinda shimo."

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Mbwa mweupe? Baba watoto, huyo mbwa si wako?"

"Wangu kivipi?"

"Wa kwenye hadithi zako za kwa kinyozi! Mwanzo alikuwa paka. Nakumbuka alivyokua."

Mpwa akacheka. Mimi nilicheka pia, kwa kuchelewa.

Mtaani naitwa Chuku. Nilifanya kazi idara ya maji miaka thelathini na moja, na nimewahi kuwaaminisha watu wazima na akili zao kwamba samaki alitoka bombani ana mhuri wa idara ubavuni. Kofia ilikuwa yangu. Mbwa alikuwa wangu. Mara kumi na mbili kulia zilikuwa zangu. Nilivitunga kwenye benchi la kinyozi, wiki moja baada ya mawe, nikavirudia misibani, harusini na kwenye foleni ya hospitali, kila mara naongeza kidogo. Hao kumi na mmoja hawajuani, kweli. Ila wote wananijua mimi.

Na mpwa hakunihoji hata siku moja. Kanuni za kazi yake zinakataza kuhoji ndugu.

"Kwenye ripoti majina tumeyaficha," akaendelea. "Tumemwita Fundi K."

"Fundi baiskeli tunao wangapi hapa?"

Akafikiri. "Mmoja."

"Basi mmemficha vizuri sana."

Ripoti ingesomwa Jumamosi kwenye ukumbi wa shule, halafu kamati ya mitaa miwili iamue juu ya Kimya. Kinyozi alishatangaza kwamba kibanda cha baiskeli king'olewe na mwenyewe ahame, Chini wapate kupumua. Mgeni rasmi angekuwa Bwana Mkubwa, aliyekuwa mkuu wa idara yetu zama zile, sasa ana tumbo na walinzi. Siku tunayozungumza hayo ilikuwa Alhamisi.

Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Mke wangu akauliza kama nimekalia sisimizi.

Ijumaa asubuhi sikunywa chai. Nilitoka nikazunguka soko mara mbili bila kununua kitu, nikajikuta mbele ya kibanda cha Kimya. Alikuwa ameinamia beseni la maji, anatafuta tundu kwenye mpira. Nikakaa kwenye debe la wateja. Tukanyamaza. Kunyamaza na Kimya ni kazi ngumu, unajisikia mwenyewe unavyopumua.

"Fundi, kesho utakwenda ukumbini?"

"Nimeitwa."

"Unajua watasema nini?"

"Wanasema kila siku." Mapovu yakatoka kwenye mpira, akaweka kidole hapo. "Chuku, nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Pale shimoni. Saa nne asubuhi, una sare na chuma chako cha kuzungushia vali. Mlango wangu ulikuwa wazi. Hukuwa na kofia wala mbwa."

Debe lilipiga kelele chini yangu. Kwa kweli ni mimi niliyepiga kelele, debe lilinisaidia tu.

Ndiyo. Niliifunga mimi. Bwana Mkubwa aliniita ofisini akaniambia Chini wamekuwa wakaidi, hawataki mtu wetu, wakaushe mpaka kura zipite, ukiulizwa sema pampu imeharibika. Nilikuwa na watoto wanne na sare mpya. Nikasema ndiyo mkuu. Mawe yaliporuka na jicho likapotea, nikatafuta mtu wa kumtwisha, nikamkuta aliye karibu na shimo.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nilisema. Nilikwenda kwa mkuu wako nikamwambia nimemwona mtu wa idara. Alikuwa anamenya chungwa. Akaniambia kibanda changu kimekaa juu ya bomba la serikali, nikifungua mdomo tena kitang'olewa." Akaupangusa mpira kwa kitambaa. "Unakumbuka zamani nilikuwa naitwaje?"

Sikukumbuka. Halafu nikakumbuka, nikatamani shimo la vali linimeze. Alikuwa anaitwa Redio. Alikuwa anapiga mluzi toka asubuhi mpaka anafunga, anaimba, anabishana na wapita njia habari za mpira na serikali. Jina la Kimya lilikuja baadaye, wala sikuwahi kujiuliza lilikujaje.

"Kesho nitasema," nikamwambia.

"Wewe? Nani atakuamini?"

Swali hilo nikalibeba mpaka nyumbani. Mpwa alikuwa anapanga karatasi mezani. Nikamwambia yote, nimesimama, natembea kati ya dirisha na kabati.

"Mjomba, leo sina nafasi ya chuku."

"Si chuku!"

"Ulisema hivyohivyo kwa samaki wa mhuri. Nilikuwa darasa la tatu, nikaandika insha, nikachapwa." Akavua miwani. "Naelewa, Kimya ni rafiki yako. Lakini nina sauti kumi na moja. Wa Juu, wa Chini, wanawake, wanaume. Nikizifuta kwa sababu ya mjomba wangu mmoja, nani ataheshimu kazi yangu?"

"Zote zimetoka mdomoni mwangu!"

"Thibitisha."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa mwingine, kisha akaenda zake uani. Huyo ndiye aliyeniamini wa kwanza, na sikufurahi.

Nikaendelea kutembea. Dirishani, kabatini. Dirishani, kabatini. Hapo ndipo miguu iliponikumbusha mikono, ilivyoizungusha ile vali.

"Soma tena. Alizungusha upande gani?"

"Kulia. Mara kumi na mbili."

"Vali zote duniani hufungwa kulia, ndiyo maana nilitunga hivyo, nisiulizwe maswali. Ile ya Njia Panda waliotutangulia waliiweka kinyume. Ile inafungwa kushoto, mara kumi na tano. Tuliojua ni wawili idarani, na mwenzangu amekwisha kufariki."

Mpwa akaacha kupanga karatasi.

"Chuma cha kuzungushia kiko wapi?" akauliza.

"Chini ya kitanda. Nilistaafu nacho."

Jumamosi ukumbi ulifurika mpaka madirishani, Juu viti vya mbele, Chini nyuma na wamesimama, kama kawaida yetu. Bwana Mkubwa alikuwa katikati ya meza, soda mbele yake. Kimya alikaa kwenye kona. Kinyozi alisimama kabla hata mpwa hajafungua ripoti.

"Tusizunguke," akasema. "Aliyetunyima maji yumo humu. Kibanda king'olewe leo."

Nikaingia na chuma begani, urefu wake unanipita.

"Chuku huyo!" mtu akapiga kelele. "Leo kaja na nguzo ya umeme!"

Vicheko. Hata mimi midomo ilinicheza, maradhi ya miaka mingi hayo. Nikasema kwa sauti yote niliyonayo: "Niliifunga mimi."

Wakacheka zaidi. Mama mmoja wa Chini alijifuta machozi kwa kanga. "Na samaki je, ulimfunga wewe?"

"Kinyozi," nikasema, "njoo uzungushe mwenyewe. Ukifunga kwa kulia, nitakuwa nimesema uongo, ng'oeni kibanda. Mwenyekiti wa kamati afungue bomba la uani hapa shuleni tulione."

Bwana Mkubwa akagonga meza. "Mzee huyu anajulikana. Tuendelee na ratiba."

"Samahani, mheshimiwa," mpwa wangu akasema. Alikuwa amesimama. "Hili liko ndani ya utafiti. Naomba dakika kumi."

Shimo liko hatua hamsini kutoka shuleni, na shule iko upande wa Chini. Watu wakamwagika njiani. Kinyozi akashusha chuma shimoni, akashika vipini vyake viwili, akavuta kulia. Chuma kilisogea kidogo kikagoma. Akavuta tena mpaka shingo ikavimba. Huko uani, mwenyekiti akapaza sauti: "Yanatoka!"

"Sasa kushoto," nikamwambia.

Akaanza. Watu wakahesabu pamoja naye, mwanzoni kwa mzaha. Moja, mbili, tatu. Kufika saba mzaha uliisha. Kufika kumi na mbili aliinua jicho lake akanitazama, nikamwambia, "Bado." Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano, kikakaza.

Kutoka uani: "Yamekatika!"

Hakuna aliyecheka. Nadhani mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimewaambia watu jambo na wote wakaamini kwa pamoja. Nilitamani wasiniamini.

"Nani alikutuma?" mpwa akauliza. Kanuni zilimkataza kunihoji, lakini kinasa sauti alikuwa amekishika mkononi na taa yake nyekundu inawaka.

Nikamwonyesha Bwana Mkubwa, aliyekuwa amefika nyuma ya umati na walinzi wake.

"Neno la mwongo mzoefu!" akasema. "Ana ushahidi gani?"

"Mimi," sauti ikatoka pembeni, na watu wengi hawakujua ni ya nani, maana walikuwa hawajaisikia. "Nilikuja ofisini kwako siku ya tatu ya ukame. Ulikuwa unamenya chungwa. Ulitema mbegu kwenye kikombe cha katibu wako. Ukaniambia kibanda changu kiko juu ya bomba la serikali. Nikwambie na ulivyovaa?"

Akaambiwa. Rangi ya shati, kifungo kilichokosekana, kila kitu. Kimya alikuwa na miaka kumi na tisa ya maneno, aliyamwaga yote pale barabarani, na gari la Bwana Mkubwa lilipoondoka alikuwa bado anaendelea.

Kinyozi alifungua vali tena, peke yake, bila kuhesabu. Kisha akanikabidhi chuma. "Nimekunyoa kila Jumamosi," akasema. "Miaka kumi na tisa. Shingo yako iko hapa, wembe uko hapa. Na wewe unanisimulia mbwa."

"Nisamehe, kaka."

"Usinikalie tena benchini."

Kibanda hakikung'olewa. Mpwa alirudi kuandika upya, anasema ripoti itachelewa mwaka mzima, na ameongeza sura nzima kuhusu namna watu wengi wanavyoweza kuwa mtu mmoja. Bwana Mkubwa ametuma barua ya wakili, ya pili iko njiani. Kimya siku hizi anapiga mluzi kuanzia alfajiri; mke wangu ameshakwenda mara mbili kumwomba apunguze.

Mimi nimeota ndevu. Mke wangu hunipunguza kwa mkasi wa kitambaa, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na hatuongei sana akinikata. Kila Jumamosi napita mbele ya kinyozi, sijui kwa nini, miguu inanipeleka yenyewe. Benchi limejaa, watu wanapiga soga. Akiniona anazima mashine, benchi zima linanyamaza, ananitazama kwa lile jicho moja mpaka nipite.

Napita. Jumamosi inayofuata narudi.